Mteja hapatikani kwa sasa

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa chuo alinijia kibandani na daftari la kurasa zaidi ya mia, mwandiko kama kuku kapita na matope. "Shikamoo dada. Nataka ichapwe, inyooshwe, ibaindiwe nakala tatu, Ijumaa asubuhi." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamtajia bei ya haraka, akaguna, akatoa kianzio.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, mjini Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Mashine mbili za kopi (zilikuwa tatu, nitafika huko), kompyuta moja, na feni inayozunguka ikijisikia. Wachapaji wengi watakwambia hawasomi wanachokichapa, eti vidole vinakwenda vyenyewe. Waongo. Tunasoma kila kitu: mikataba ya kupanga, wosia, talaka, barua ya mzee mmoja kumposa mjane wa jirani yake, nakala moja tu, na "usiiache humo kwenye kompyuta, mwanangu". Tunasoma, halafu tunanyamaza.

Kazi ya kijana huyu ilihusu watu wanaokwenda kuzungumza na mnasihi. Si mnasihi anasema nini juu yao, bali wao wenyewe wanayaonaje mabadiliko yao, wanayaelezaje, wanadhani yametoka wapi. Na kila mstari una neno "mteja". Mteja alisema, mteja alihisi, mteja aliona. Kitufe changu cha M kina kwikwi, hukibonyeza mara mbili ndipo kiandike, na neno hilo ukilivua M yake kwa mji huu wetu unapata mtu mwingine kabisa, wale vijana wa unga wanaosinzia wima pembeni mwa barabara. Kwa hiyo ilinibidi niliangalie kila linapotokea. Na ukilitazama sana, unaanza kumsikia yule mwanamke wa kwenye simu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Hapo niliacha kuchapa nikaenda kuinjika chai. Maana miaka minne nyuma mteja nilikuwa mimi, na kwa wiki nyingi sikupatikana.

Ya kazi yake nitayaacha, atayatetea mwenyewe mbele ya walimu wake. Majina ya wataalamu aliowataja niliyafuata mwenyewe intaneti usiku, nikiwa nimeshafunga. Nitasema yangu.

Nilikuwa mtunza sanduku wa kikoba chetu. Wanawake 25, hisa kila Jumamosi, sanduku la bati lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti, sanduku kwa mtu wa nne. Wa nne ndiye mimi. Wiki tatu kabla ya mgao niliamka nikakuta makufuli yote matatu mazima, yananing'inia kama hereni, na bawaba za nyuma zimefunguliwa kwa bisibisi. Skrubu sita zimepangwa sakafuni mistari miwili, tatu tatu, kila moja upande wa tundu ilikotoka, kama mtu aliyekusudia kuzirudisha. Ndani zilikuwemo shilingi 2,400,000. Hazimo.

Pesa zilinishtua. Skrubu zikanimaliza. Mdogo wangu wa kiume, niliyemlea tangu mama alipofariki yeye akiwa na miaka tisa, ni fundi redio. Nilimzoea tangu mtoto, akifungua kitu hupanga skrubu hivyo hivyo. Nikazizoa zote sita, nikazitia mfukoni mwa dera, ndipo nikapiga kelele. Watu walipokuja nikawaambia mwizi kaingia dirishani.

Nikauza mashine yangu kubwa ya kopi nikalipa mpaka shilingi ya mwisho. Mdogo wangu siku hizo alikwisha kuvuka Horohoro, yuko upande wa Kenya, "anatafuta maisha". Kikoba hawakunishtaki. Walininyamazia. Na nyumba ya mwenyekiti iko njia ya kwenda soko la Mgandini, kwa hiyo nikaanza kuzunguka. Kila nikienda sokoni napandisha barabara tatu zaidi na baiskeli yangu, nashukia upande wa pili, nanunua nyanya, narudi nilikotoka. Ukiniuliza ningekwambia kule njia ina kivuli.

Halafu tumbo. Hapa kwetu kila mtu ana daktari wake kichwani, na daktari huyo ana jibu moja: vidonda vya tumbo. Nimekunywa maziwa, nimekunywa asali, nimekunywa maji ya kabichi mbichi iliyosagwa, jambo ambalo simwombei adui yangu. Saa nane za usiku naamka moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Shangazi akanipeleka kwa shekhe nikaandikiwa kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe ikaoshwa kwa marashi, nikanywa siku saba. Silisemi vibaya, nililala usingizi wiki ile. Mwisho nikaenda hospitali nikamezeshwa mpira wenye kamera. Tumbo safi. Daktari akakaa, akanitazama, akauliza, "Mama, nyumbani kuna nini?"

"Salama tu, daktari."

Akaandika karatasi ya kwenda kwa mnasihi.

Kule Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kwao huo ni ugonjwa wenye jina. Sisi tunasema "ana mawazo", kana kwamba wengine hawana. Daktari mmoja wa akili wa Harare, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu wa namna hiyo kwenye benchi, nje, wakawasikiliza na kuwasaidia kulishika tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipoyasoma hayo niliona wivu. Bibi ningemwelewa. Bibi ningemwamkia mimi.

Mimi nilipangiwa msichana. Chumba kimoja upande wa Chumbageni, pazia la kijani, meza, na katikati ya meza boksi la tishu limewekwa sawasawa kama limeshaambiwa kwamba nitalia. Nililichukia boksi lile kabla sijakaa. Akainuka, miaka ishirini na saba au minane, mtu wa bara kwa lafudhi, akanyoosha mkono: "Shikamoo dada."

"Marahaba."

Basi kazi ikaharibika hapo hapo. Mtu umeshamwitikia marahaba, utamlilia vipi? Ukishaamkiwa wewe ni mkubwa, na mkubwa huuliza habari za masomo, huuliza wazazi hawajambo, humtia moyo. Saa nzima ya kwanza nilimtia moyo mnasihi wangu. Nilitoka nimejua mama yake ana kisukari.

Na mnajua namna yetu ya kusalimiana. Habari za nyumbani? Nzuri tu, ila baba amefariki. Nzuri inatangulia, msiba unafuata nyuma. Kila wiki akiniuliza "Umeendeleaje, dada?" nasema nimepata nafuu. Lile zoezi la pumzi limesaidia? Sana. Nililifanya mara moja, nikapaliwa. Si kwamba nilitaka kumdanganya. Nilimwona kijana anajitahidi, amepanda bajaji asubuhi kaja kazini, nimwambie halisaidii? Pesa nilimwambia zimeibwa. Aibu nikamwambia. Skrubu sikumwambia.

Wiki ya tatu akanipa jedwali la kujaza kila siku: tukio, wazo lililokujia, ulivyojisikia, kwa alama za moja hadi kumi. Mnampa mchapaji jedwali! Nililirudia kwenye kompyuta, nikaliwekea mipaka miwili miwili na vichwa vya herufi nzito, nikaprinti kwenye karatasi nzuri. Halafu likakaa chini ya mashine siku sita. Usiku wa kuamkia miadi nikalijaza lote kwa mpigo, kwa kalamu tatu tofauti, ya buluu, nyeusi, na buluu nyingine iliyofifia, ili zionekane siku mbalimbali. Jumanne nikajipa alama nne. Alhamisi saba. Ijumaa nikashuka kidogo, sita, isionekane naringa.

Katika kazi ya yule kijana ndipo nilipokutana na David Rennie, mtafiti wa Chuo Kikuu cha York kule Toronto. Huyu alifanya jambo la akili. Mteja akitoka kwa mnasihi, Rennie humsikilizisha rekodi ya mazungumzo yao yale yale, na kila mteja anapokumbuka kitu husimamisha, anasema hapo kichwani mwake kulikuwa na nini. Yakatoka mambo. Watu wanasema "ndiyo" huku moyoni wanasema huyu hajanielewa. Wanakubali mpango wasioutaka. Wanameza lawama zao kwa sababu mtabibu ni mtaalamu, au kwa sababu wanamwonea huruma, wasije wakamvunja moyo. Wanazungumza hadithi moja mdomoni, wanafuata nyingine kichwani. Aliyachapisha mwaka 1994, akauita huo ni unyenyekevu wa mteja kwa mtabibu wake.

Kanada! Mimi nilidhani ni ugonjwa wa pwani. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka muuza kahawa akasimama.

Wa pili niliyemwelewa ni Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani, yule aliyeandika mwaka 1957 juu ya masharti ya mtu kubadilika. Watu hukumbuka masharti matatu ya mtabibu: awe mkweli, amkubali mtu alivyo, aingie katika hali yake. Lakini sharti la mwisho kwenye orodha yake halimhusu mtabibu peke yake. Linasema mteja naye lazima aone kwamba anakubaliwa na kueleweka, walau kidogo, yamfikie. Msichana wangu alikuwa nayo yote, nawaapia. Mimi nilikuwa nimefunika kikombe kwa kiganja, kama mgeni anayekataa chai ya pili.

Wiki ya nne na ya tano nilizidiwa. Tumbo likarudi kwa nguvu, nikawa nasahau chenji za watu, nikamfokea mtoto wa shule aliyetaka kopi moja ya cheti cha kuzaliwa. Nikamwambia shangazi maneno yale yananiua, nilikuwa afadhali kabla. Yeye akaona ni dalili kwamba kombe lilikuwa linafanya kazi nami nimelichanganya na mambo ya Wazungu.

Sasa wiki ya sita. Nimempa jedwali langu la pili, nalo lile lile la usiku mmoja. Akalisoma taratibu, akatabasamu, akasema, "Dada, umejitahidi sana. Ningekuomba nilitumie kama mfano, bila jina, niwaonyeshe wenzako."

Nikaona haya yamenipanda mpaka masikioni. Kudanganya ni jambo moja. Kuwa mfano wa kuigwa ni jingine. Nikamwambia, "Usiwaonyeshe. Si kweli. Nimeyajaza yote jana usiku."

Akaitazama karatasi. Nikamwona anaona kalamu, moja, mbili, tatu. Akacheka, si kicheko cha kunicheka, kile kinachomtoka mtu kabla hajakizuia. Halafu akavuta droo ya meza, akalitia jedwali humo, akaifunga. Droo ile reli yake ilikuwa imekatika, haifungi kwa mkono, ikabidi aisukume kwa goti. "Basi," akasema, "hilo tuliache. Leo wewe ungependa tukae vipi?"

Sikujua ningependa tukae vipi. Tulizungumza bei ya karatasi. Nusu saa nzima, rimu imepanda, wino umepanda, wanafunzi hawana pesa. Sikumtia moyo, naye hakunitia moyo. Muda ukaisha, nikaaga, nikafika mlangoni, na pale nimeinama natafuta kandambili yangu ya kushoto, sauti ikanitoka kwa chini kama naongea na kandambili: "Aliyechukua ni mdogo wangu."

Nikavaa nikaondoka.

Nikazima simu siku tano. Baadaye aliniambia alipiga mara mbili, akamsikia yule mwanamke. Wiki iliyofuata sikwenda. Wiki ya pili nikaenda, na mkiniuliza kilichonirudisha ni mwavuli. Niliusahau pale, masika yalikuwa yameshika kasi, nami sina mwingine. Nilimwambia hivyo hivyo mlangoni, nimefuata mwavuli. Akasema, "Uko pale kwenye kona, dada. Karibu ukae kidogo, mvua haijakatika."

Huko kwenye kazi ya kijana kuna William Stiles, naye Mmarekani, ambaye mwaka 1990 na wenzake waliandika jinsi jambo linalomsumbua mtu linavyokaribishwa taratibu ndani yake. Wakaliwekea hatua nane, kuanzia sifuri hadi saba. Chini kabisa jambo limefukiwa, mwenyewe halijui, pengine mwili tu ndio unaolijua. Halafu linaanza kubisha, na mtu analikwepa, anazunguka barabara tatu. Halafu linachomoza kama kitu kwenye ukungu, na hapo ndipo maumivu huwa makali kuliko yote. Halafu linatajwa waziwazi. Ndipo kuelewa, ndipo kulijaribu maishani, na kuendelea. Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini. Sentensi yangu ya kandambili, iliyonigharimu wiki sita, ni hatua ya tatu. Ya tatu tu! Mimi siku zote nilidhani pale nilimaliza. Lakini ile ya wiki ya nne na ya tano ilinikaa vizuri kichwani, maana hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba kuzidiwa huko kungeweza kuwa ni jambo linachomoza. Ningeambiwa, nisingemfokea yule mtoto. Au ningemfokea bado, sijui.

Wiki zilizofuata nitazipita haraka. Tulizungumza mama. Tulizungumza "mwangalie mdogo wako", maneno ya mtu anayekufa ambayo hayana tarehe ya mwisho. Tukabadilisha na salamu: nikamwomba asiniamkie tukiwa ndani ya chumba kile, aniamkie nje akipenda. Alikubali kwa shida kuliko mimi. Wiki ya tisa aliniomba niandike barua kwa mdogo wangu, si ya kutuma, niisome kwa sauti. Niliiandika, nikaisoma, nikalia, boksi lile likapata haki yake. Yeye mwenyewe macho yalimlenga.

Siku moja nikaenda Mgandini. Nimenunua nazi mbili na dagaa, nimesimama nasubiri chenji, ndipo ikanijia kwamba nimepita mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Nimepita wima, na baiskeli yangu, sikumbuki hata kama mlango ulikuwa wazi. Hakuna kilicholia moyoni, hakuna nuru. Nilijaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini pale nyumbani kwake na nikakuta nilikuwa nawaza kama dagaa watakuwa wakavu. Muuzaji akaniita mara mbili nichukue chenji yangu.

Na kumbe mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Shangazi aliniambia mwezi mzima nyuma yake alishaona, eti nimeanza kugombea ukoko. Muuza kahawa akasema siku hizi namwitikia kabla hajagonga vikombe.

Baadaye ndipo nilipokwenda kwa mwenyekiti kwa makusudi. Nikamwambia pesa zile alichukua mtu wa nyumbani kwangu. Akanimiminia chai. "Mwanangu, tulijua siku ya pili. Mwizi wa dirishani ana muda gani wa kufungua skrubu? Tukasema, mwenyewe kaamua kumsitiri, nasi tumsitiri."

Mtadhani nilifarijika. Nilikasirika wiki mbili. Tumbo likarudi, usingizi ukapotea, nikawa nikikumbuka zile barabara tatu za ziada, jua lile, miezi yote ile, nikiwaficha wenzangu siri ambayo wanaijua. Mnasihi akaniuliza nimemkasirikia nani. Nikamwambia wote, pamoja na yeye, kwa kunipa jedwali. Hilo niliweza kulisema uso kwa uso, bila kandambili.

Kikao cha 14 kilikuwa cha mwisho. Aliniuliza maswali ambayo sasa nimeyakuta kwenye kazi ya kijana, yanatokana na mahojiano aliyoyatunga mtafiti mmoja, Robert Elliott, kwa ajili ya kuwauliza wateja mabadiliko yao. Nini kimebadilika? Ulikitarajia, au kimekushangaza? Kingetokea hata usingekuja hapa? Kina uzito gani kwako? Unadhani kimeletwa na nini? Niliyapenda kwa sababu hayakuniuliza kama nimepata nafuu, hivyo ile nzuri ya salamu haikupata pa kutangulia.

Nikamwambia tumbo lingeweza kupoa lenyewe, au kwa kombe, simnyang'anyi shangazi haki yake. Njia ya Mgandini ndiyo iliyonishangaza, sikuitarajia na sikuifanyia kazi. Alipofika kwenye kilicholeta, nilimwona amekaa mkao wa kusubiri. Alikuwa anasubiri barua. Nami ningependa kumpa, alilia naye. Lakini barua ile mimi niliiandika vizuri kwa sababu kuandika barua ndiyo kazi yangu. Nimewaandikia watu barua za namna hiyo miaka kumi na moja, najua pa kumliza msomaji. Nikamwambia ni droo.

"Droo gani?"

"Hiyo. Ulipotia jedwali ukaisukuma na goti."

Hakukumbuka. Ilibidi nimsimulie, na kalamu tatu, na goti. Akasema siku ile aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kikao hakikuwa na mafanikio, tulizungumza karatasi tu.

Sasa nimejua hatuko peke yetu. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, alikubaliana na mgonjwa wake kila mmoja aandike ya kwake baada ya kila kikao, wasisomeane mpaka miezi ipite. Walipochapisha mwaka 1974 ikaonekana wamekaa kwenye chumba kimoja wakaona vyumba viwili: yeye akijivunia tafsiri zake za kitaalamu, mwenzake akikumbuka vijambo vidogo vya utu wake. Na hata jina lenyewe la tiba hii, tiba ya mazungumzo, lilitungwa na mteja: Bertha Pappenheim, msichana wa Vienna aliyetibiwa na daktari Josef Breuer kati ya 1880 na 1882. Breuer alipokuja kuyachapisha mwaka 1895 akamwonyesha kama aliyepona. Lakini mwaka ule ule wa 1882, tiba ilipokwisha, alipelekwa kulazwa, na uzima wake akaujenga taratibu miaka mingi baadaye. Yeye angeulizwa kimeletwa na nini angesema nini, ndilo ambalo ningependa kulichapa.

Mdogo wangu hupiga simu Idi. "Dada, shikamoo." "Marahaba." Tunaulizana bei ya unga huko na huku. Hajasema, sijasema. Zile skrubu ninazo kwenye kopo la pini, nne. Mbili nimezitumia kukazia mguu wa meza ya mashine.

Ijumaa kijana alikuja mapema, shati limepigwa pasi. Nilikuwa nimeshabaindi. Nikamwonyesha ukurasa wa 41, nilipolikuta likiwa limenitoroka: "teja mmoja alisema anajisikia vizuri sana". Tukacheka, nikamchapia upya ukurasa huo bure. Akawa anafunua funua, anaunusa wino kama wafanyavyo wote, kisha akaninyanyulia macho.

"Dada, umeisoma yote, eh? Kwani wewe uliwahi kwenda?"

"Jumla elfu tisini na sita," nikamwambia. "Toa kianzio chako elfu thelathini. Bado elfu sitini na sita."